Madaftari Arobaini na Manane

Kijiwe chetu kiko kwenye kona, kati ya chumba changu cha kunyolea na kibanda cha mtu wa redio. Zamani tulikalia gogo na makreti ya soda. Tangu likizo ndefu iliyopita tunakalia benchi la zege lenye egemeo na mahali pa kuweka kikombe, na chini yake sakafu laini kama sahani. Fundi Timazi, tunayemwita hivyo kwa ile kamba yenye jiwe anayopimia kuta, alitujengea kwa mikono yake akakataa hata asante. "Kaeni kwa raha," alituambia siku ile, kifua mbele. "Ni mabaki tu ya kazi ya shule. Humu nimelaza mifuko mitano mizima. Lori likilipanda, litakaloumia ni lori." Tukacheka, na kabla halijakauka kila mtu akachora jina lake kwa msumari. Langu liko pembeni, KINYOZI, herufi ya Z imegeuka nyuma mbele. Jana tulikuwa tumekalia majina yetu, watu watano, na hakuna aliyekuwa na utani.

Sababu ilikuwa Babu Kahawa. Juzi tulimzika mjukuu wake, binti wa darasa la tatu, miaka tisa. Jumanne asubuhi ukuta wa ubavuni wa darasa lao, ule uliojengwa upya likizo hiyohiyo, uliwaangukia watoto wakiwa wanafanya hesabu ya siku. Watatu waliumia, mmoja hakuamka. Nilidhani Babu hataonekana mwezi mzima, lakini jana asubuhi nikakuta jiko limewashwa na birika liko juu yake. "Nyumbani kimya kimezidi," aliniambia, basi.

Hiyo hesabu ya siku ilikuwa desturi ya mwalimu wao. Kila asubuhi, kabla ya jambo lingine, anaandika hesabu moja kwenye kipande cha boksi na kukitundika kwenye msumari ukutani. Hesabu zenyewe alizitoa mtaani: ndoo za bombani, magurudumu ya mikokoteni, hata vichwa nilivyonyoa mimi. Ndiyo maana watoto wale walituzoea, walikuwa wanakuja kutuuliza idadi. Sasa mwalimu ameambiwa akae nyumbani. Leo saa tatu mkaguzi anakuja kuuliza mtaa kwa nini ukuta ulianguka, na akikosa jibu la maana, kosa litakuwa la mwalimu, maana ndiye aliyewapanga watoto pale. Kuusemea mtaa tulimchagua Spika, huyo mtu wa redio, kwa sababu ana mdomo.

Spika: Tukubaliane lugha moja. Mkaguzi si mtu wa kuambiwa mara hili mara lile. Mimi nasema msumari.

Dobi: Msumari gani tena?

Spika: Wa hesabu ya siku! Kila siku boksi linatundikwa, linatunduliwa. Leo kidogo, kesho kidogo. Ukuta nao unachoka, ndugu zangu. Ungekuwa wewe unachomwa palepale kila asubuhi ungesimama?

Dobi anafua nguo za mtaa mzima na ana methali kwa kila doa, ila mara nyingi methali na doa havijuani.

Dobi: Kweli kabisa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Spika: Hiyo imeingiaje?

Dobi: Msumari si mgeni ukutani?

Timazi alikuwa anakoroga kahawa ambayo haikutiwa sukari.

Timazi: Msumari unaweza. Msumari ni adui wa ukuta, muulize fundi yeyote.

Mimi: Msumari mmoja, Timazi? Mimi chumbani kwangu nimepigilia tisa, na vioo viwili vinaning'inia.

Timazi: Wako ni ukuta wa zamani, Kinyozi. Usifananishe.

Alisema bila kuniangalia. Naijua sauti ya mtu anayekuomba usiendelee, na mimi, Mungu anisamehe, ni mwepesi wa kuombwa. Nikanywa kahawa yangu.

Dobi: Mimi naona makelele. Mmewahi kupita pale asubuhi? Watoto karibu hamsini wanapiga kelele kwa pamoja, mbili mara mbili nne, mbili mara tatu sita. Mpaka maji kwenye beseni langu yanacheza! Na mimi niko ng'ambo ya barabara. Ukuta ulio palepale je?

Spika: Hapo umesema. Hiyo inaitwa mawimbi ya sauti. Mimi ni mtu wa redio, nayajua. Spika kubwa ikipigwa ndani, kioo cha dirisha kinapasuka. Sasa hizo ni koo arobaini na nane.

Timazi: Mawimbi. Eeh. Hayo mabaya sana.

Spika: Angewafundisha kimyakimya. Hesabu si wimbo.

Dobi: Debe tupu haliachi kuvuma.

Mimi: Debe tupu ni nani hapo, Dobi? Watoto?

Dobi: Nasema tu.

Babu alikuwa anapitisha birika. Alimjazia kila mtu, akamjazia na Timazi. Kisha akakaa mwisho wa benchi, juu ya jina lake, BABU, ambalo mjukuu wake ndiye aliyemchorea kwa sababu yeye hajui kuandika.

Spika: Na kuna jingine, nisikilizeni, hili sijamwambia mtu. Kwa nini ukuta ule, na si wa darasa la nne? Kwa nini Jumanne? Yule mwalimu alikuwa anawahesabu watoto. Kwenye boksi! Anaandika, darasa lina watoto arobaini na wanane. Hadharani, kila mpita njia anasoma. Watoto wa watu wanahesabiwa hivyo?

Dobi: Hapana, hawahesabiwi. Bibi yangu alikuwa anatuita kwa majina mpaka basi, lakini kutuhesabu, hata siku moja.

Spika: Basi ndiyo hayo. Ameihesabu roho, na aliyesikia akaja kuchukua yake. Unataka ushahidi gani zaidi?

Timazi: Mambo hayo yapo.

Uso wa Timazi ulikuwa umeanza kupata damu. Kila nadharia ilimpunguzia mzigo kidogo, nami nilimwona anavyokaa sawasawa, anaegemea. Nikachukia. Kumchukia yeye ilikuwa rahisi, kwa hiyo nikajichukia na mimi kidogo, halafu nikaacha.

Babu: Usiku wa kuamkia Jumanne aliniuliza hesabu.

Tukageuka wote. Ndiyo mara ya kwanza alikuwa anasema kitu tangu tukae.

Babu: Mwalimu aliwapa ya nyumbani. Watoto arobaini na wanane, madawati kumi na mawili, kila dawati wakae wangapi? Nilikuwa napepeta buni. Nikamwambia, utaikuta shule, mama, usinisumbue. Ni wanne. Hata mimi nisiyesoma najua kuwa ni wanne. Nilikuwa na haraka na buni zangu tu.

Mimi: Pole, Babu.

Dobi: Pole sana, mzee wangu. Ya Mungu mengi. Ndiyo maana wahenga wakasema, usipoziba ufa...

Akakwama. Katika miaka yote niliyomjua, ndiyo methali ya kwanza ya Dobi iliyopata doa lake, na hakuweza kuimalizia. Timazi aliinuka nusu kama anayetaka kwenda, akakosa pa kwenda, akarudi kukaa. Makaa yakalia jikoni.

Spika alikohoa. Alitoa kipande cha karatasi na kalamu mfukoni.

Spika: Basi naandika, muda umekwenda. Moja, msumari wa mwalimu. Mbili, kelele za mwalimu. Tatu, hii ya kuhesabu nitaisema kwa mdomo tu. Kesho namkabidhi mkaguzi. Nani anapinga?

Babu: Mwalimu ndiye aliyemfukua.

Spika: Tunajua, Babu, lakini...

Babu: Kwa mikono. Alikuja msibani mikono imefungwa bandeji, kucha hana. Ameniomba radhi mimi. Yeye ndiye kaniomba radhi.

Spika: Hakuna anayesema ni mtu mbaya. Lakini mtaa lazima uwe na jibu.

Babu alishika kikombe chake kwa mikono miwili. Na mimi nikiwa nimekaa palepale, kipande cha karatasi kikipita mbele yangu, sikupinga.

Ndipo akaja mtoto mmoja. Binti mdogo wa darasa la tatu, plasta juu ya nyusi, sare yake imefuliwa ingawa shule imefungwa wiki nzima, daftari kalikumbatia kifuani.

"Shikamoo Babu. Shikamooni."

"Marahaba, mama," tukaitikia.

"Mama amesema nije niulize hapa, mafundi wanajua. Naomba karatasi ya kufunikia daftari."

Spika: Karatasi gani, mwanangu? Dukani zimejaa.

"Ya simenti. Ile ya mfuko. Mwalimu alisema ndiyo haichaniki." Alifungua daftari akatuonyesha ukurasa, mwandiko wa kalamu ya risasi, mkubwa, umenyooka. Akasoma kwa sauti ile ya kusimama mbele ya darasa. "Hesabu ya siku. Shule imeletewa mifuko minane ya simenti. Karatasi ya mfuko mmoja inafunika madaftari sita. Je, madaftari mangapi yatafunikwa?"

Dobi: Enhe. Na wewe ukapata ngapi?

"Arobaini na manane. Nilipata vema." Na kweli, vema jekundu lilikuwepo, kubwa. "Tupo arobaini na wanane, kwa hiyo tulifurahi kwa sababu tungefunikiwa wote. Tuliihesabu mifuko wenyewe siku ya kufunga shule, gari lilipokuwa linashusha. Tulipofungua tukakuta karatasi tatu dirishani. Zikafunika kumi na manane. Mwalimu akasema wengine tusubiri, nyingine zitaletwa."

Mtoto akadhani hatujaelewa, akatueleza polepole, kama anavyoelezwa yeye.

"Mwalimu alifuata orodha. Wa kumi na nane alikuwa mjukuu wa Babu. Mimi ni wa kumi na tisa. Shule inafunguliwa Jumatatu, tutakaa kwenye turubai, na mimi nataka langu liwe limefunikwa." Akamwangalia Spika, akamwangalia Dobi, akamaliza kwa Timazi, kwa sababu ndiye fundi. "Nane toa tatu ni tano. Hizo tano ziko wapi?"

Spika, ambaye ana jibu la serikali, la mpira na la ndoa za watu, alikunja kile kikaratasi mara mbili, mara nne, mpaka kikakataa kukunjika. Dobi alitazama beseni lake ng'ambo ya barabara. Timazi aliangalia mikono yake. Mikono ya mwashi, saruji haitoki kwenye mistari yake hata akioga mara ngapi.

Nilijua zilipo. Sote tulijua. Siku ile ya benchi Timazi alitugawia karatasi zile kama mtu anayegawa nyama. Mbili alichukua Dobi, akafungia nguo za wateja. Mbili tulimpa Babu, na mzee wa watu akawashia jiko lake wiki nzima. Moja nilichukua mimi. Imetandikwa chini ya kiti changu cha kunyolea, inapokea nywele, na nimeikanyaga kila siku tangu hapo bila kujiuliza ni mabaki gani ya kazi yanayoizidi kazi yenyewe. Mitatu ukutani, mitano matakoni mwetu. Hesabu ya darasa la tatu, na watu wazima wanne hatukuipiga kwa sababu tulikuwa tumekaa vizuri. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Nikainuka. Niliingia ndani, nikasogeza kiti, nikaikung'uta ile karatasi mlangoni mpaka unywele wa mwisho, nikamletea. Ndilo jambo pekee nililoweza kulifanya, na sikulifanya kwa ujasiri.

"Asante," alisema. Aliitandaza juu ya benchi, juu ya majina yetu, akailainisha kwa kiganja, akapima daftari lake katikati. Lilitosha na kubaki. Babu aliitazama karatasi. Akamtazama Timazi, kwa muda mrefu, na Timazi hakuinua kichwa. Halafu Babu akaweka kikombe chini, akainuka kutoka kwenye benchi, akaligeukia. Aliweka mikono miwili kwenye egemeo, akalisukuma. Akasukuma tena kwa nguvu zote alizobaki nazo, mishipa ya shingo ikamtoka, mzee wa miaka sabini. Benchi halikutikisika.

Mtoto alikuwa anakunja karatasi yake kwa kufuata mistari.

"Hii moja," alisema. "Bado nne."

Akangoja kidogo, kisha akarudia, kwa adabu, akidhani hatukusikia.

"Bado nne."