Skrini ya Tatu ya Kaimenyi

Teksi ya Probox ilipotoka Meru mjini, mama muuza ndizi aliyeketi kando yangu aliikazia macho katoni yenye picha ya TV aliyopakata abiria mwenzetu, kijana aliyejitambulisha kwa jina Kaimenyi, mwalimu.

"Mwalimu, hiyo TV ni ya shule?"

"Hapana, mama. Ni skrini ya tatu. Nikicheza ule mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege, moja inakuwa dirisha la mbele, mbili za kando."

Mama akataka kujua alikuwa akirushaje zamani. Kaimenyi akaeleza kuhusu kifaa cha kuvaa machoni kama miwani mikubwa: ukigeuza kichwa, unaona bawa, unaona mawingu mpaka nyuma. "Kinashinda skrini, sikudanganyi."

"Sasa mbona umekiacha?"

"Nikikivaa sioni nyumba. Juzi mke wangu aliketi kando yangu akilia, mamake amelazwa. Mimi niko juu ya Mlima Kenya, naangalia theluji."

Mama akaiangalia tena ile katoni.

"Na sasa utamwona?"

"Ataketi hapo, tuangalie pamoja."

"Huyo hataki ndege, mwalimu. Anataka umwangalie yeye."

"Lakini ni yeye aliniambia ninunue. Anataka kuona kwao Kiambere, kule kwenye bwawa, kutoka juu."

Mama akafikiri kidogo. "Kwani bwawa linaonekana?"

"Lote."

"Na kwetu Muthara?"

Gari likasimama Kianjai. Kaimenyi akashuka na katoni yake. Mama, aliyekuwa anaenda mbele zaidi hadi Muthara, akashuka nyuma yake akiuliza kama migomba yake nayo inaonekana.