Shikamoo ya Mama Hosiana Kwenye Maiki

Miaka ishirini na sita na miezi minne! Huo ndio muda ambao Bi. Philomena Mbuke, ambaye sisi wote tunamwita Mama Hosiana, fundi wetu mitambo, amefanya kazi kwenye redio yetu ya jamii hapa Nyasubi, Kahama. Jumatatu tarehe 30 Juni 2025 anastaafu rasmi, na siku hiyohiyo saa nane mchana tutakuwa kwenye uwanja wa kituo kumuaga. Mhariri wa jarida ameniambia niandike kwa utulivu. Nimesema sawa, nitajaribu.

Aliingia kituoni Februari 1999, sio kama fundi. Aliajiriwa kufanya usafi na kuchemsha chai. Fundi wa wakati ule alikuwa akichomelea nyaya, yeye anapiga deki polepole kuliko inavyotakiwa ili aone. Mwaka wa pili fundi aliumwa siku ya mashindano ya ngoma, meneja akazunguka ofisi nzima ameshika kichwa, Mama Hosiana akaweka ndoo chini akasema yeye anaweza. Akaunga nyaya. Spika zikalia. Tangu siku hiyo hakuna aliyemrudishia ndoo.

Mambo aliyoyafanya ni mengi. Matangazo ya nje kutoka minadani, kwenye mahafali, kwenye mikutano ya wakulima wa pamba, kwenye viwanja vya mpira ambako mtangazaji analoa mvua lakini sauti inafika kavu. Amefundisha mafundi saba. Mimi ni wa saba, na nilikuja hapa nikijiona nimeshamaliza elimu yote, maana nilikuwa nimejifundisha kwenye simu. Siku ya kwanza nilishika maiki isiyo na waya, nikaipuliza, nikasema helo helo, moja mbili, moja mbili. Mama Hosiana aliniangalia kama mtu anayemwangalia kuku ndani ya sebule.

Yeye hapulizi maiki. Hahesabu pia. Anafunga transmita kiunoni, yaani kale kaboksi kadogo kanakorusha sauti bila waya, anabana kamaiki kwenye kola, halafu anatembea. Anaondoka jukwaani, anapita katikati ya viti, anaenda mpaka kwenye benchi la mwisho kabisa pale penye jua. Hapo anatafuta mtu mzima kuliko yeye, anamsalimia shikamoo, na kumsogezea kola. Ile marahaba lazima isikike kwenye spika, safi, bila mikwaruzo. Isiposikika, kazi haijaanza, hata kama mgeni rasmi ameshashuka kwenye gari. Anasema mtu akihesabu moja mbili anahesabu kwa sauti ya fundi, ila mtu akiitikia salamu anaongea kwa sauti yake mwenyewe, na sauti hiyo ndiyo tunayotaka kuisikia.

Na mpangilio wake haubadiliki. Betri mpya, hata kama za jana bado zinawaka. Anawasha risiva kwanza, ile inayopokea, huku transmita zote zimezimwa, na anatazama taa zake. Zikirukaruka zenyewe, kuna mtu mwingine yuko kwenye chaneli hiyo, basi anahama. Hili alijifunza Runzewe, na waliokuwepo bado wanalicheka. Bwana shamba anaeleza viwavi vya pamba, spika zikadakia kwa sauti nzito: tusimame tuombe. Watu wakasimama! Wengine wakavua kofia. Bwana shamba naye akafumba macho. Kumbe kanisa la jirani lilikuwa na maiki kama yetu, kwenye chaneli ileile. Mama Hosiana alivuka barabara, akamsalimia mchungaji, wakagawana chaneli kama watu wanaogawana kisima, akarudi na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

Sasa nifike kwenye lile ambalo bila hilo wasifu huu haujaandikwa. Na nianze na kosa langu.

Kwetu huku kwenye dhahabu, kitu cha thamani kinaingia ndani ya chuma. Simu, mizani, hati ya kiwanja, kila kitu kina sanduku na kufuli. Basi na mimi Machi 2023 nikaenda kwa mchomeleaji hapa Nyasubi, nikatengenezewa sanduku la chuma la kuwekea risiva. Kufuli mbili. Limepakwa rangi ya bluu. Nililipenda mno. Wiki hiyohiyo tukaenda Mwakitolyo kurusha mkutano wa wachimbaji wadogo kuhusu usalama, Mama Hosiana na mimi.

Hata viti havijapangwa, tukasikia watu wanakimbia. Duara moja, yaani shimo la uchimbaji, lilikuwa limeporomoka alfajiri ile. Matimba yanayoshikilia kuta yalikuwa yamevunjika yakalala msalaba, udongo ukaziba, na chini yake, kama mita kumi na tano, alikuwa Luka Mwigulu. Ilikuwa imebaki nafasi moja tu kati ya mbao, upana wa mkono wa mtu. Wenzake walikuwa wameita jina lake kwa zaidi ya saa tatu. Kimya.

Msimamizi wa duara, Donatus, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na macho yamekuwa mekundu. Aliwaambia watu kwamba ndugu yetu ametangulia, tulete kijiko, lile tingatinga la kuchimbia, tumtoe tumzike vizuri. Kila mchimbaji pale alijua maana yake: kijiko kikianza kuchimba, kuta zote zinashuka. Kama Luka yuko hai, ndiyo mwisho wake. Mkewe, Rhoda, anayepika chakula hapo machimboni, alikuwa amekaa chini na mwiko mkononi. Halii. Anarudia neno moja tu: bado.

Mama Hosiana aliomba kamba. Akaweka betri mpya kwenye transmita, akaongeza usikivu mpaka mwisho, akaitia kwenye mfuko wa mkate na kuacha kamaiki kanachungulia nje, akaanza kuiteremsha kwenye ile nafasi, taratibu, kama anateremsha yai. Mimi kwenye gari nikasikiliza. Mita mbili, sawa. Mita nne, mikwaruzo. Mita sita, sauti ikakatika. Nikapiga kelele kwamba imekufa. Donatus akageuka kumpungia mkono dereva wa kijiko.

Mama Hosiana alikuja mbio, na huyu ni mama ambaye hakimbiagi. Akaliangalia sanduku langu la bluu. Akaniuliza kwa upole, na ule upole ndio unaoniumiza hadi leo: "Baba, na wewe umemfukia huyu?"

Ndipo nikaelewa. Mawimbi hayapenyi chuma. Nilikuwa nimeifungia risiva kaburini, halafu nalaumu transmita.

Kufuli mbili zilifunguliwa sijui kwa sekunde ngapi. Aliibeba risiva hadi mdomoni mwa shimo, akaiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, akapanua antena zake mbili zikaelekea chini kwenye ile nafasi. Taa ya kijani ikawaka. Akateremsha kamba mpaka ilipogota. Kisha akainua mikono, na machimbo yote yakanyamaza: makarasha ya kusaga mawe, pampu, bodaboda, kila kitu. Kwenye spika tulisikia maji yanadondoka, basi.

Watu wakaanza tena kuita Luka, Luka. Akawakatalia. Akamvuta Ngusa, mchimbaji aliye mdogo kwa Luka kwa umri, wanaoshinda pamoja, akamwambia msalimie kama unavyomsalimia kila siku. Ngusa akalala kifudifudi, akaita kwenye ile nafasi: "Kaka Luka, shikamoo!"

Maji. Maji. Halafu kwenye spika, mbali, kavu, kama mtu aliyeamshwa usingizini:

"Marahaba. Nimeshaitika mpaka nimechoka. Acheni kukanyagakanyaga huko juu, mnanijaza mchanga mdomoni."

Sijui nieleze vipi kilichotokea. Rhoda alirusha mwiko. Donatus alikaa chini palepale akaanza kucheka na kulia, na kijiko kikarudi nyuma chenyewe bila kuambiwa. Kumbe muda wote Luka alikuwa anatusikia na anajibu, ila udongo ulikuwa umembana kifua na sauti haikufika juu. Walichimba kwa mikono na makoleo, wakiongozwa na sauti yake: hapo sawa, hapo hapana, huyo anayekohoa aondoke. Saa kumi jioni akatoka, mguu mmoja umevunjika, akaomba uji. Nilihema kama vile na mimi nimetolewa.

Mkutano wa usalama uliahirishwa hadi kesho yake, na haukuhitaji hotuba ndefu.

Lile sanduku la bluu sasa tunawekea sukari na majani ya chai. Ile transmita ilisafishwa kwa mswaki, bado inafanya kazi, ina mkwaruzo mmoja ubavuni. Ndiyo tutakayotumia Jumatatu, na Luka na Rhoda wametuma ujumbe kwamba wanakuja na kreti ya soda na jogoo.

Mama Hosiana, kwa kila waya uliounga, kwa kila betri uliyokataa kuiamini, na kwa siku ile uliponisahihisha bila kunitukana mbele za watu, asante sana. Nenda kapumzike kwa mwanao Hosiana, lima bustani yako, lala mchana bila kuweka kengele. Afya iwe nawe, na redio yako isiwe na mikwaruzo.

Ila Jumatatu usikae meza kuu kwanza. Tumekuwekea nafasi kwenye benchi la mwisho, pale penye jua. Nitafunga transmita kiunoni, nitatembea mpaka hapo ulipo, nitakuamkia. Itikia kwa nguvu, Mama. Usipoitikia, sherehe haianzi.