Daftari la Orlane

Basi la kwenda Kibenga lilikuwa limeacha bandari nyuma kidogo tu, na Sylvère alikuwa ameshammwagia shida zake zote mwanamke wa kiti cha pembeni. Mke alikufa, na kesho mkurugenzi wa shule atamrudisha Orlane, binti yake wa miaka tisa, darasa la pili.

"Alifanya nini, papa?"

"Ati anaacha hesabu ya mwalimu, anaandika yake. Bakubwa nao banaangalia tu. Batoto yabo banasomea Ulaya!"

Mwanamke huyo, Adélaïde kwa jina, alicheka. Alimwambia kuwa aliwahi kuwa mwalimu wa watoto wenye vipaji, mpaka wakubwa walipompeleka ofisini kugonga mihuri.

"Akimaliza hesabu, anauliza nini?"

Sylvère alikuwa amejiandaa kuulizwa alama; kwa swali hilo akajua kwamba huyu ni mwalimu kweli. "Anauliza kama kuko njia ingine."

"Na akikosa?"

"Anacheka, anaanza tena."

"Mutoto uyo haiko nyuma, papa. Bengine banaangalia jibu, mi na yeye tunafuata njia. Kesho acha buletini ya alama nyumbani. Umupelekee direkta ile daftari yenye anaandika hesabu yake."

Sylvère aligeukia dirisha la nyuma. "Mi niliipatia mama wa karanga, afungie karanga na makaratasi yake. Leo asubuhi. Direkta alisema ni takataka."

"Mama uyo anauzia wapi?"

"Pa mulango ya bandari."

Adélaïde aligonga bati la basi kwa ngumi. "Shofere, simama!"

Basi likasimama.

"Kimbia, papa. Batu banatoka kazi sasa, na bako na njaa ya karanga."