Nilimwomba Mungu Ampunguze

Bwana asifiwe, wapendwa! Itikieni taratibu tu. Doto amelala hapa mgongoni, na akiamka ushuhuda umekwisha.

Nimechoka, ndugu zangu. Sijasimama hapa kwa nguvu zangu. Lakini nikisubiri nipumzike kwanza ndipo nimshukuru Mungu, hawa watoto watakuwa wameshaoa.

Wengi mnanijua, mimi ndiye fundi cherehani wa kule Isevya. Mnajua pia habari ya mimba yangu ya kwanza. Mtoto alikuwa mmoja, mkubwa, akakwama kutwa nzima, na alipotoka hakulia. Tangu siku ile niliogopa kitu kimoja tu, mtoto mkubwa.

Mimba ya pili ilipoingia nikaanza kujinyima. Kina mama mnayajua hayo: kula kidogo, mtoto awe mdogo, ujifungue salama. Asubuhi kikombe cha uji, jioni matonge mawili. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Ziba kuniangalia, kama alivyokuja mimba ile ya kwanza. Alipika ugali, mlenda wa karanga, michembe ya viazi vitamu, nami akigeuka tu nawamwagia kuku. Walinenepa kuku wale, wapendwa!

Kila Jumapili kabla ya ibada nilijizungushia tumboni futi yangu ya kupimia nguo. Tumbo linakua tu. Mwezi wa tano lilishalipita tumbo la mimba ya kwanza lilipokuwa la miezi saba. Nikapunguza tonge moja. Nikapiga magoti nikaomba, Bwana, mpunguze huyu mtoto. Niliomba kwa machozi na kwa kufunga, nanyi mkaniona mtu wa maombi.

Mwezi wa sita nikaanguka nikiwa kwenye cherehani. Hospitali wakanipima kwa ile picha ya tumbo. Nesi alitazama muda mrefu, kisha akaniuliza nakula nini. Nikamwambia ukweli. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

"Mama, hapa wapo wawili," alisema. "Wote wadogo, na huyu wa pili amebaki nyuma sana. Hicho kikombe chako cha uji wanagawana."

Akanieleza kwamba tumbo la mapacha huwa kubwa hata kama wenyewe ni wadogo, na futi yangu ilikuwa inapima tumbo, si mtoto. Akasema huenda si njaa peke yake, wakati mwingine pacha mmoja hupata kidogo kuliko mwenzake. Lakini mtoto kukwama, alisema, dawa yake ni kuwahi hospitali. Njaa haijawahi kumzalisha mtu.

Nikalazwa. Mama mkwe akaleta sahani, na bado mkono wangu ukagoma. Nikamsimulia yote, mpaka kuku. Akakaa pale kitandani, akasema:

"Mwanangu, kuku nilikuwa nawaona. Mimi nilidhani unasema chakula changu ndicho kilichomuua yule wa kwanza."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofunguliwa! Kumbe hofu yangu ilikuwa inawaumiza watu watatu, wawili tumboni na mmoja jikoni. Nililia, nikala. Alinilisha tonge kwa tonge. Kila walipotupima, Doto ameongezeka kidogo, nyuma ya mwenzake lakini ameongezeka.

Mwezi wa nane wakanipasua. Kulwa akatoka, akalia. Doto akatoka, kimya. Kimya kile nilikuwa nakijua. Nikafumba macho, sikuwa na sala yoyote iliyobaki.

Kisha akalia.

Nilimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, wiki nyingi. Usingizi nimeusahau, mgongo si wangu tena. Lakini wote wawili wapo. Kulwa huyo hapo mbele, kwa bibi yake.

Namshukuru Mungu kwa mengi, na zaidi kwa sala ile aliyoikataa. Dada yangu mwenye mimba, unayejinyima kwa siri, mtumaini Yeye, nenda ukapimwe. Halafu tukitoka ibadani pitia kwangu. Mama mkwe atapika ugali, nawe utakula hadi umalize, maana siku hizi hatuna kuku.