Mbuzi wa Udongo Wenye Alama Yetu

Ejok, hamjambo ndugu zangu, na jina la Bwana lisifiwe hapa Lodwar. Sijazoea kusimama mbele ya watu, mtanivumilia.

Wezi wa mifugo walimuua mume wangu karibu na Kainuk, wakaswaga mbuzi wote. Binti yetu Akiru aliona. Tangu hapo hakusema neno, hata kuniita mama. Nikahamia hapa kwa dada yangu. Nilifunga, nikaomba, nikambembeleza. Kimya.

Kanisa likatupeleka Kakuma kwa Mwalimu Achol, mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Yeye huwapa watoto walioona mabaya rangi na udongo, wachore na kufinyanga yale wasiyoweza kusema. Ndugu zangu, siku moja Akiru akamnong'onezea, "Mwalimu, maji." Yeye, si mimi. Wengine walimshukuru Mungu. Mimi niliona nimeibiwa mara ya pili. Kila nikimwona Akiru amemwegemea yule mama, niligeuka nikatazama kando.

Asubuhi moja nikaenda kumchukua turudi Lodwar. Akiru alikuwa chini, amezungukwa na mbuzi wa udongo, anawakata masikio kwa mwiba.

"Kila mbuzi anamkata," Achol akaniambia. "Nimemwacha tu. Labda ni hasira inatoka."

Nikainama. Sikio la kushoto limekatwa ncha, la kulia lina mapengo mawili.

"Si hasira, mwalimu. Ni alama ya baba yake. Hao ni mbuzi wetu."

Achol akasogea. "Basi kaa hapa, Mama Akiru. Sisi kwetu ni watu wa ng'ombe, kwa habari za mbuzi wewe utanisaidia."

Nikakaa. Nikafinyanga beberu, nikamkata ncha ya kushoto na pengo moja tu la kulia.

Akiru akamtazama. "Mama, huyo si wetu."

Ndugu zangu, nililia mpaka udongo ukalowa. Akiru akachukua mwiba, akaongeza pengo la pili, akamweka beberu mbele ya wenzake.

Sitawadanganya. Akiru akiuliza tutarudi lini kwa mwalimu, wivu bado unanichoma. Ndipo nakanda udongo, nakaa naye. Wewe unayemlilia mtoto aliyenyamaza, mwamini Mungu, hata akimfungulia mdomo kwa mkono wa mtu mwingine. Namshukuru Yesu, namshukuru na Achol.

Mbuzi wetu wako dirishani kwa dada yangu. Njoni muwaone.