Ua Jekundu Chini ya Simiti

Sikieni, wanangu, wewe Twaiba na wewe Abdurahman, sogezeni mkeka, na mtu asinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni chache na hasira zangu mwazijua.

Chumba cha diwani, yule mtawala aliyekaa hapa Vanga kabla ya babu zetu kukabidhiwa funguo, nawaachia nyinyi wawili, na vidaka vyake vya kuwekea vyombo ukutani, na boriti zake za rangi nyekundu na nyeusi, na ule ukuta wa maua. Wageni huambiwa maua yote ni ya kale. Si kweli. Ya upande wa dirisha nimeyachora mimi, mwaka ule ukuta ulipoanza kumomonyoka nikaukandika simiti. Mtu akiuliza, mwambieni hivyo hivyo, hata akikunja uso.

Ufundi sikuusomea, niliupata kwa kutazama, na ndiyo maana sikutaka kuambiwa. Jefwa wa Kikoneni, niliyekuwa nikikoroga naye chokaa, alinishika mkono: "Kaka, ukuta wa matumbawe hutoa jasho. Ukiuziba kwa simiti, chumvi itakula rangi ndani kwa ndani." Nikamjibu mbele ya watu, "Wewe mchunga ng'ombe utanifundisha nyumba ya mfalme?" Akapangusa mwiko wake, akasema, "Ng'ombe wangu angalau wana masikio," akaenda zake. Nikaapa hatakanyaga humu tena, nikawaapisha na nyinyi. Mwaka wa kumi na tisa huu.

Chumvi imetoka kama alivyosema, na kila masika ukuta unadondoka vipande. Lakini Ijumaa iliyopita Twaiba alikaidi amri yangu, akabandua simiti kiasi cha kiganja, akakuta chini yake ua jekundu zima, na jani lake. Nilimfokea. Nisamehe, mwanangu, uliponibeba kwenda kuliona, nililia.

Basi kiapo kile nakifuta leo. Abdurahman, kesho asubuhi nenda Kikoneni. Simiti aibandue Jefwa mwenyewe, taratibu, asiharakishwe na mtu. Chokaa niliiloweka shimoni uani kabla sijalala kitandani, imeiva. Maua yangu yakianguka, yaanguke. Ya wale waliotangulia yaonekane.

Mwenyezi Mungu awape mikono mitulivu kuliko yangu, asiwatenganishe... Niinueni kidogo. Hapo. Jefwa nimemzidi miaka sita, na tangu tujuane yeye ndiye huniamkia. Ukifika, Abdurahman, kabla hujakaa, kabla hujapewa maji, mwambie... mwambie, baba amenituma... anakwambia, shikamoo.