Nafasi ya Kando ya Kaspar

Sogeeni, wanangu, mnisikie. Heinrich, acha hilo dirisha wazi, baridi haimtishi mtu wa miaka themanini na mmoja aliyekwisha kufa nusu. Nataka niisikie kengele ya kanisa ikilia. Hulda, weka chini hicho kibakuli cha supu, habari yake nitaisema. Nawe Otto, toa tumbaku mdomoni, mama yako anausia.

Mali kwanza, maana mali ndiyo hugombanisha ndugu. Shamba na nyumba hii ni vya Heinrich, kama baba yenu alivyotamka mbele ya mchungaji. Vile vipande viwili vya kando ya mto ni vya Otto, na mto ukihama msishtakiane, mto haukuusiwa na mtu. Sanduku tulilotoka nalo Westfalia, lenye jina la babu yenu ubavuni, ni la Hulda pamoja na Biblia iliyomo, na ndani ya Biblia yameandikwa majina yetu sote, tulioshuka melini na mliozaliwa huku Missouri. Waandikeni na wajukuu, hata hao ninaowasemesha Kijerumani wakanijibu Kiingereza, maana wasipoandikwa nani atajua wametoka wapi? Haya, hayo yamekwisha. Sasa niseme linaloniunguza.

Desturi ya makaburi yetu mnaijua. Hapa hakuna kiwanja cha ukoo, wala mume na mke hawalali pamoja kwa kuwa walioana. Anayekufa hulazwa kando ya yule aliyemtangulia kufa, safu kwa safu, tajiri kwa maskini, na kifo ndicho kipangacho. Baba yenu Kaspar tulimzika wiki mbili zilizopita. Kushoto kwake amelala mzee Dieckmann msaga unga, aliyekuwa akikoroma kanisani hata mahubiri yasisikike, na huyo sina neno naye. Kulia ni patupu. Tangu siku ile hajafa mtu katika usharika huu, na mahututi tuko wawili, mimi hapa na mama yenu mdogo Lisette ng'ambo ya kijito. Atakayetangulia ndiye atakayelala ubavuni mwa mume wangu mpaka parapanda ilie.

Usicheke, Otto! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kaspar hakuja nyumbani kwetu kwa ajili yangu. Alikuja kwa ajili ya Lisette, kila Jumapili akikaa jikoni na kofia magotini, akimtazama akimenya viazi kana kwamba viazi havijawahi kumenywa duniani, hata baba akamwambia, "Kijana, mimi sikati nyasi za pili kabla ya nyasi za kwanza. Mkubwa yupo." Kaspar akanigeukia, akanitazama kitambo, akasema, "Haya." Miaka hamsini na tisa nimelala na hilo "haya" kitandani. Hakunipiga, hakulewa, nilipougua homa alinikesha, siwezi kumsingizia marehemu. Lakini mwaka ule Lisette alipofiwa na mumewe, Kaspar alichonga mbao mbili za kukatia kabichi, mmoja wangu na mmoja wa Lisette. Wangu mtupu, wa Lisette una ua la tulipu. Nikamuuliza, "Na ua langu liko wapi?" Akasema, "Mke wangu, kisu kiliisha makali." Makali yaishie kwangu tu! Kila mwaka nikikata kabichi ya kuchachusha nililiona ua ambalo halikuwapo, nikajikata kidole, na Jumapili nikamshika Lisette mkono mlangoni mwa kanisa, nikamuuliza hali, huku moyoni nikisema, laiti ungeolewa mbali.

Nilimwita mchungaji nikamwomba aniwekee nafasi. Akasema, "Mama Ilsabein, tukianza kuwekeana nafasi, kesho wenye nazo watataka kulala karibu na mlango." Alisema kweli, na nikamchukia kwa hiyo kweli yake.

Sasa habari ya supu. Mmeniona nikimpelekea Lisette supu ya kuku na asali, nikamwita na daktari kutoka mjini, na majirani wakasema, lo, dada gani huyu, anajinyima ampe mdogo wake! Upendo? Wivu, wanangu, wivu mtupu! Nilitaka apone, aishi miaka kumi, azikwe huko mbele na watu wengine. Mimi mwenyewe sijameza kijiko tangu Jumatano, supu yenu ameinywa paka, ndiyo maana amenenepa. Naye Lisette si mjinga, tumenyonya ziwa moja: jana kampa Hulda aniletee mfarishi wake wa kujifunika, wa manyoya ya bata, na Hulda anasema alikuwa akilia, "Mpeni dada, asipate baridi." Eti baridi! Anataka nipone apate kunitangulia. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kimenifunika mpaka shingoni, na nakiri kina joto.

Basi agizo langu ni hili: nikikata roho, msikae kulia, Heinrich akimbie moja kwa moja kwa mpiga kengele, kabla ya...

Nyamazeni. Nyamazeni nyote! Hiyo si kengele?

Ni ya msiba. Hesabu, Heinrich, pigo moja kwa kila mwaka wa marehemu. Hesabu kwa sauti... Ishirini, na bado... Hamsini. Mungu wangu, endelea... Sabini na sita. Sabini na saba. Sabini na nane.

Imenyamaza. Sabini na nane ni Lisette.

Amenishinda. Niacheni kidogo... Hulda, usilie, niinulie huu mfarishi niuone ukingo wake. Ndio huu. Ndio ule tuliovukia bahari. Kitanda cha melini kilikuwa kimoja: mama ukutani, Lisette katikati, mimi ukingoni, nami nikiwa na miaka tisa nililia kwa wivu, kwa sababu katikati ndiko kwenye joto. Mama akaniambia, "Wewe ndiye mkubwa. Lala ukingoni, umzuie mdogo wako asianguke." Nikamshika kiunoni wiki nane. Hakuanguka hata mara moja.

Sikilizeni, sauti inaniisha. Mfarishi huu urudisheni, azikwe nao. Ni yeye aliyekuwa akihisi baridi. Ubao wangu wa kabichi uchukue, Hulda, na usiuchonge kitu. Heinrich, Otto, peaneni mikono, niione... Mkioneana wivu, ambianeni mapema, msingoje uzee. Mungu aliyetuvusha maji awavushe na ninyi, awape mkate na watoto wa kuwafumba macho.

Nani mwingine mgonjwa usharikani? Mzee Niemeyer? Bado anakohoa?

Otto, chukua hiyo supu, ingali moto. Mpelekee... kimbia, mwanangu. Asije akaingia katikati yetu, mimi na mdogo wangu.